Ghorofa ya Tatu, Kushoto

Ngazi sitini na mbili, nilizihesabu,
begi la magurudumu likigonga kila kidato,
nje Glasgow inachunga mvua yake kama unga,
mkononi anwani, kwenye simu risiti:
pauni mia saba na hamsini, zimepokelewa,
Mungu akubariki dada yangu,
funguo utazikuta chini ya zulia la mlangoni.

Zulia lilikuwepo.
Chini yake vumbi, na jani moja kavu.
Nikaliinua tena, kana kwamba funguo huchelewa.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani:
bibi mwenye nywele nyeupe pepe na kandambili za manyoya.
Morag Lennie, akasema, naishi hapa tangu mwaka sabini na tisa.
Na wewe ni wa saba.

Nilidhani ananihesabu na wajukuu.

Akanitilia chai. Akaleta daftari la mahitaji ya dukani,
ukurasa wa nyuma majina, mwandiko unatetemeka:
Farrukh. Ioana. Wanafunzi wawili wa Accra.
Tesfaye. Mama mmoja na kichanga,
hawa aliwalaza sebuleni hadi asubuhi.
Akanipa kalamu. Nikaandika: Mwanatumu.
Kama natia sahihi kitabu cha rambirambi
na maiti ni mimi.

Kwetu mtu akitapeliwa husema: nimeingizwa mjini.
Lakini mji mimi nilikwisha uingia, mwaka wa nne huu,
nawavalisha wazee wa watu soksi alfajiri,
basi la usiku nalijua kwa mlio.
Nani kasema huliwa mjinga?
Huliwa mwenye haja.
Notisi ya kuhama ilibakiza siku tisa,
na mhitaji ni mtumwa
hata akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni.

Usiku ule, kwenye kochi la Bi Morag,
nilizirudia picha polepole, kama mtu achambuaye mchele.
Dirishani jua. Jua gani hilo, Glasgow, Februari?
Jikoni, ukutani, soketi: matundu mawili ya duara.
Si ya hapa. Wala si ya Tanga.
Birika langu lisingeingia.
Mara ishirini niliitazama picha ile
nikipima pa kuweka kabati.

Kisha maneno yake. Yuko baharini, mitambo ya mafuta,
hawezi kuja kunionyesha. Watu kumi wanaitaka leo hii.
Kodi nusu ya jirani. Pesa nitume kwa shemeji.
Mbuzi yumo guniani, nami nikalipia hadi kamba.

Benki wakanipa namba ya kesi.
Polisi nao, namba.
Nina namba nyingi sasa.

Ninapokaa leo niliingia kwanza na viatu vyangu,
kabla sijatoa hata senti.
Nikafungua bomba, nikangoja maji yapate moto.
Nikauliza jina, nikalitafuta kwenye rejista ya wenye nyumba,
nikashuka nikamgongea jirani wa chini:
huyu ndiye? Ndiye, akasema, na ni bahili.
Mwenye nyumba akacheka: unanichunguza?
Ndiyo, nikamwambia.
Sikutabasamu. Zamani ningetabasamu.

Bi Morag aliniomba karatasi ya mlangoni
kwa lugha zangu zote. Ya Kiswahili inasema:
Hapa hapapangishwi.
Kama umeshalipa, aibu si yako.
Gonga, chai ipo.

Jana kanipigia simu. Wa tisa amekuja,
kaisoma karatasi, kakaa ngazini na begi lake, hasemi.
Lugha yake siijui, anasema, labda wewe.

Labda nami siijui.
Nikachukua koti.